Saini ya Hajji

Mdogo wangu wa mwisho aliyaona matokeo yake ya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, kwenye simu, saa tano asubuhi, mimi nikiwa ofisini Malaba na mafaili matatu yananisubiri. Alinipigia bila hata salamu.

"Dada, pointi kumi na tatu. Sasa nisome nini?"

Nikamwambia tutaongea jioni. Kazi ilikuwepo, ndiyo, lakini pia nilikuwa nakwepa. Mwaka 2015 mimi nilipiga simu za namna hiyohiyo. Watu watano walinijibu, majibu yakawa matano, na kila mmoja alikuwa na uhakika utadhani vyuo vikuu kaviumba yeye. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo Hajji alikuja kuniuliza miaka minne baadaye, digrii nimeshaimaliza na hela za baba zimeshamalizika nayo.

Sisi ni watu wa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Baba ni Msamia, mama ni Mteso, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, nyumbani tulikua na Kiswahili. Mama mpaka leo anauza chai, chapati na maharage kwa madereva wa malori. Baba alikuwa na kibanda cha kuziba pancha na kujaza upepo, chenye kompresa mbili: moja nzima, moja ya kukohoa. Kompresa hizo zina sehemu yake katika hadithi hii.

Hapa Uganda mwanafunzi wa S.5 anajulikana kwa herufi za masomo yake matatu. PCB na PCM ni watoto wa sayansi, na walimu huwaita kwa sauti ya upole. Sisi wengine ni HEG, HEL, HED, MEG. Mimi nilikuwa HEG: historia, uchumi, jiografia. Juu ya hayo matatu kila mtu lazima afanye GP, mtihani wa maarifa ya jumla, na somo moja dogo, ama hisabati ndogo ama kompyuta. Nilichukua kompyuta. Hisabati tulikuwa tumeachana S.4 na sikutaka turudiane. Hakuna aliyeniambia kwamba hapohapo nilikuwa nimejitoa kwenye takwimu, uaktuaria na uchumi wa hesabu pale Makerere, kozi ambazo mtoto wa MEG, mwenye hisabati badala ya historia, anaingia na wa HEG anazitazamia dirishani. Kama una mdogo wako anayeingia S.5 mwaka huu, anza kumsumbua hapo, usingoje matokeo.

Fomu za PUJAB, zile za kuomba nafasi za serikali katika vyuo vya umma, tulizijaza kabla ya mtihani. Kwa hiyo ulikuwa unachagua kozi kwa matokeo unayoyaota. Mimi juu kabisa niliandika sheria, kwa sababu mjomba alisema mdomo wangu haufai kwa kitu kingine. Chini yake nikajaza chochote chenye neno "biashara". Wenzangu walinakili fomu ya kiranja wa darasa, neno kwa neno.

Kuhusu pointi niliambiwa mambo nusunusu, nikaja kuelewa baadaye. A ni 6, B ni 5, C 4, D 3, E 2, O 1. GP na somo dogo ukipasi kila moja ni 1, kwa hiyo aliyepata zote ana 20. Tunapigiana simu na kutangaziana hiyo jumla kama matokeo ya mpira. Lakini chuo cha umma kinapopanga watu hakiiangalii. Kila kozi ina masomo yake ya lazima, ambayo pointi zake huzidishwa mara 3. Lenye uhusiano na kozi huzidishwa mara 2, na lile linalopendeza tu kuwa nalo hubaki mara 1. B yangu ya uchumi ilikuwa 15 kwenye kozi inayouhesabu uchumi kuwa wa lazima, na B hiyohiyo ilikuwa 10 pale uchumi ulipowekwa fungu la pili. Matokeo ya S.4 nayo huongeza vipande: alama ya juu 0.3, ya kati 0.2, ya kupasi tu 0.1. Wasichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanzia Makerere mwaka 1990, na wavulana bado wanaulalamikia. Kwa hiyo watu wawili wenye pointi 14 wanaweza kuomba kozi moja, mmoja akaingia na mwingine akaachwa mbali sana.

Nilipata 14. Uchumi B, historia C, jiografia D, GP na kompyuta zikatimiza. Nafasi ya serikali sikuipata na sikushangaa. Tangu 2005 serikali iliamua sehemu kubwa ya nafasi hizo, takribani robo tatu, iende kwa sayansi. Mikopo ya elimu ya juu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza mwaka mmoja nyuma, 2014, nayo ikaegemea hukohuko. Mtihani wa kujiunga na sheria Makerere niliufanya nikaanguka. Nilijua nilipokuwa bado naandika. Swali la kupanga hoja niliwapangia hadithi.

Niseme kitu kimoja kuhusu sheria kisha niiache. Wengi wetu tuliokuwa tunaitaka hatukujua hata kwamba LDC ipo. Tulidhani unasoma miaka minne, unavaa joho, unaingia mahakamani. Kumbe baada ya miaka minne ya digrii unakwenda Law Development Centre kwa diploma ya uwakili, na bila hiyo husimami mbele ya jaji kumtetea hata kuku wako.

Basi mjomba akasema, "Biashara haikosi kazi." Baba akauza kompresa ile nzima. Nikaenda Kampala kusoma usimamizi wa biashara katika chuo cha binafsi.

Sina ugomvi na chuo. Nilifundishwa na watu wenye nia njema. Piramidi ya Maslow niliichora katika mitihani minne tofauti. Nilijua majukumu ya meneja, aina za uongozi, hatua za kutangaza bidhaa. Mwaka wa pili nilipelekwa kwenye mafunzo ya kazi katika ofisi moja ya mjini, miezi miwili, nikapika chai na kutoa kopi. Mwisho wakanipa barua ya sifa iliyosema nina bidii. Bidii ya chai, nadhani.

Kitu nilichokificha kwa miaka hiyo mitatu ni Kiswahili. Kampala lugha hii ina historia yake. Wazee wa Buganda wengi wanakikumbuka kwa sauti za wanajeshi na wezi wa usiku wa miaka ya Amin na iliyofuata. Niliwahi kumwita mwenye duka kwa Kiswahili pale Kireka, mwenzangu wa chumbani akanibinya mkono: "Wewe, unaongea kama polisi." Tangu hapo nikawa msichana wa Kiingereza na Luganda cha kubahatisha. Mama akinipigia simu nikiwa na watu, namjibu kwa minong'ono.

Nilihitimu 2018. Mama alikuja na gomesi mpya na kuku wawili. Tukapiga picha. Kisha nikakaa miezi kumi na moja nikipeleka barua za maombi. Kila tangazo lilitaka uzoefu wa miaka mitatu, na wengine walitaka niwe na herufi mbele ya jina ambazo sikuwa nazo na sikujua zinapatikana wapi. Hela ya kupanga ilipoisha nikapanda basi, nikarudi Malaba, nikaanza kumsaidia mama kukanda unga.

Hajji ndiye aliyekuwa mteja wetu wa saa moja asubuhi. Ana kampuni ya uwakala wa forodha, vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Siku moja mama akamwomba, waziwazi, mbele yangu, anipe kazi. Hajji akanitazama kutoka nyuma ya kikombe.

"Binti, umesoma nini?"

Nikamwambia.

"Vizuri. Sasa una saini?"

Nikadhani anauliza kama najua kuandika jina langu. Nikasema ninayo. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Siyo hiyo. Nakuuliza, kuna karatasi yoyote duniani ambayo bila wewe kuitia saini haiendi? Mimi nina vijana wanne pale juu. Wawili wana digrii kama yako. Lakini anayeweza kufungua mfumo wa forodha kwa jina lake na kupeleka tamko la mzigo ni mmoja tu, naye aliishia S.6. Akiugua, ofisi nzima inaugua."

Akanichukua kubeba mafaili. Sikulala usiku ule kwa aibu, halafu siku zilizofuata sikulala kwa sababu swali lilikuwa limeanza kunifungulia watu niliowafahamu, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza alikuwa mwenzangu wa dawati S.6. Huyu alipata pasi kuu moja tu, hizi tunazoziita prinsipo, A mpaka E. Digrii inataka mbili, katika mtihani wa mara moja. Tulimwonea huruma, mimi, Mungu anisamehe, nilimcheka. Kwa prinsipo moja na pasi ndogo mbili unaruhusiwa diploma, akaenda Chuo cha Biashara cha Serikali Tororo, mwendo wa nusu saa kutoka kwao, akasomea uhasibu miaka miwili. Vyuo vya namna hiyo ni vitano nchini: Tororo, Soroti, Aduku, Pakwach na Kabale, na nina hakika darasani kwetu hakuna aliyewahi kuvitaja isipokuwa kwa kejeli. Alipomaliza akapata kazi ya karani kwenye kinu cha mahindi. Mshahara mdogo, lakini jioni alikuwa anasoma mitihani ya ICPAU, taasisi ya wahasibu iliyoundwa 1992. Karatasi moja, mbili, anaanguka, anarudia. Mimi nilipokuwa napika chai ya watu Kampala yeye alikuwa ameshaanza hesabu za kampuni. 2022 akamaliza CPA, cheti cha mitihani hiyo. Bado hawezi kukagua hesabu za watu kwa jina lake, mpaka apate leseni ya kufanya kazi hiyo kutoka taasisi hiyohiyo, lakini njia anaiona mpaka mwisho. Nilichojifunza hapo ni kwamba aliweza kuanza mitihani ile bila kwenda chuo kikuu kabisa, na mimi pia ningeweza, kwa prinsipo zangu tatu, mwaka uleule wa 2015, kwa sehemu ndogo ya bei ya kompresa.

Kaka yetu mkubwa ni kesi ya upande wa pili, na ndiye anayenizuia nisiwe mhubiri. Yeye ana saini. Ni mwalimu wa historia na dini, digrii ya ualimu, amesajiliwa wizarani, hakuna anayeweza kumwambia si mwalimu. Mwaka 2022 serikali ikapandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wa sanaa wakabaki palepale. Wakagoma Juni ile, wakarudi darasani bila kupata walichotaka. Kaka anafundisha shule moja na mwalimu wa fizikia waliosoma naye chuo kimoja, mwaka mmoja. Wanakula chakula cha mchana kwenye meza moja na hawaongelei mshahara. Nikimweleza habari ya saini anasema, "Ninayo. Uje uione inavyokula ugali na maharage."

Turudi ofisini kwa Hajji, maana pale ndipo nilipoanza kusoma kweli.

Wiki ya tatu nilipewa nikokotoe ushuru wa kontena la mivumba, nguo kuukuu, lililokuwa bado Mombasa. Watu wanadhani mzigo unalipiwa ukifika mpakani. Tangu mfumo wa forodha ya pamoja uanze 2014, mzigo wa Uganda unatangazwa na kulipiwa huku kabla haujatoka bandarini kule. Kwa hiyo ukikosea, kontena linalala Mombasa na gharama za kulala zinakimbia. Karatasi zilisema kilo 12,000, thamani pamoja na bima na nauli mpaka bandarini dola 9,000. Nikafungua kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, nikaona asilimia 35. Nikapiga: dola 3,150. Nikaandika kwa wino mweusi, nikapiga mstari chini, mhitimu wa usimamizi wa biashara.

Yule kijana wa S.6 alipita nyuma yangu. Hakusema neno. Aliweka kidole kwenye mstari niliokuwa nimeusoma, akakisogeza kulia kidogo. Palikuwa na maneno mengine: au senti 40 za dola kwa kilo, kutegemea ipi ni kubwa. Nikapiga upya. Kilo 12,000 mara senti 40 ni dola 4,800. Nilikuwa nimepunguza ushuru kwa dola 1,650, na hapo bado hatujaweka VAT ya asilimia 18, ambayo inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo kosa langu lingezaa makosa mengine.

"Waliweka hivyo kwa nini?" nikamuuliza.

"Nguo kuukuu ni rahisi kudanganya bei. Kilo huwezi kudanganya, mizani ipo."

Miaka miwili ya uchumi wa S.5 na S.6 nilikariri ushuru wa thamani na ushuru wa kipimo, nikapata B. Siku ile ndipo nilipoviona vyote viwili vimekaa kwenye mstari mmoja, na sababu yake imesimama pale na fulana ya Arsenal.

Jioni nikamuuliza alipataje jina lake kwenye mfumo. Akanieleza habari za cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na usafirishaji wa mizigo, EACFFPC, kinachoendeshwa na mamlaka za mapato za nchi zetu pamoja na mashirikisho ya mawakala. Kampuni ya uwakala inapewa leseni na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na leseni inahuishwa kila mwaka, na URA wanataka waone wafanyakazi wenye cheti hicho. Hakuna chuo kilichonitajia. Hata pale Malaba, kilomita sifuri kutoka mpakani, shuleni kwetu hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba yale malori tunayoyapita kila asubuhi yanasomewa.

Kabla sijaanza kozi likaja korona. Mwaka 2020 foleni ya malori ilitoka mpakani ikaingia Kenya mpaka ukiitazama inapotelea. Madereva walilala chini ya matrela wakisubiri majibu ya vipimo. Wengi walikuwa wa Mombasa, wengine Watanzania, na karibu kila fomu ilikuwa ya Kiingereza. Hapo ndipo minong'ono yangu ya Kireka ilipoisha. Nilikuwa natembea na daftari kutoka lori mpaka lori, nawasomea, nawajazia, nawapigia wenye mizigo, narudi kumweleza ofisa. Dereva mmoja mzee wa Mombasa aliniambia Kiswahili changu kina vumbi, lakini kinapanda mlima. Hajji akaona wateja wapya wanaulizia "yule binti wa daftari". Mwaka uliofuata, nilipoomba anisaidie ada ya cheti, hakuuliza mara mbili.

Darasani nilikuwa na wenzangu wa kila aina. Mmoja alikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii, mwingine alikuwa tanboi wa lori aliyechoka kulala njiani. Mwalimu hakumuuliza mtu ana nini. Nilipofaulu na kupewa jina langu na neno la siri la mfumo, tamko la kwanza nililolipeleka lilikuwa la vigae vya sakafu. Nilibonyeza, nikakaa nikitazama skrini utadhani nimezaa.

Haya yote nilimsimulia mdogo wangu kwa jioni tatu, kwenye benchi la mama, akiwa anamenya vitunguu. Yeye alisoma historia, fasihi na Kiswahili: Kiswahili B, fasihi C, historia E. Alikuwa ameandika kozi kwenye karatasi ya daftari, na pembeni ya kila moja nikamwambia aandike nani anaweka saini na wapi.

Uandishi wa habari: hapo hakuna saini, kuna jina juu ya habari, na jina linajengwa kwa miaka. Akaacha nafasi. Ustawi wa jamii: serikali za wilaya zinawaajiri, nafasi zikitangazwa. Ununuzi: tangu sheria ya 2003 kila ofisi ya umma ina kitengo cha ununuzi, na kuna mitihani ya kitaalamu baada ya chuo. Hapo nilimkazania kidogo, akapiga miayo. Bima, benki: zote zina taasisi zake za mitihani Kampala, unaweza kuanza ukiwa kazini.

Halafu ualimu wa Kiswahili. Hapa nilikuwa nimejiandaa. Katiba ilikitambua Kiswahili kama lugha ya pili rasmi tangu 2005, ikabaki kwenye karatasi. Mtaala mpya wa sekondari wa 2020 ukakifanya cha lazima S.1 na S.2. Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe msingi na sekondari kwa lazima. Walimu hawatoshi. Vyuo vikuu vya Kyambogo na Makerere vinakifundisha ndani ya digrii ya ualimu. Nilimwambia mtoto aliyezaliwa akiongea lugha hii mpakani, mwenye B, anaanza mbio akiwa nusu ya njia.

"Na mshahara?" akauliza.

Nikanyamaza, nikamkumbuka kaka. Mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa.

"Lakini kuna kutafsiri," nikasema. "Mikutano, mashirika, Jumuiya..."

"Dada, wewe unanipangia. Geuza karatasi."

Nyuma ya karatasi alikuwa ameandika kitu kimoja tu: Jinja, chuo cha hoteli na utalii, diploma, upishi.

Mama ndiye aliyesikia kwanza. Aliweka chini kijiko cha kugeuzia chapati.

"Mimi nimesimama kwenye moto huu miaka ishirini na mbili ili usome, halafu wewe unakwenda kusomea moto?"

"Mama, nao wana hoteli yao ya mazoezi. Mtu anajifunza jikoni kwenyewe."

"Jikoni si hapa? Hapa nani alikufukuza?"

Mimi nikaingilia na swali langu, nikiamini linamaliza mambo. "Haya, mpishi anaweka saini wapi?"

Akaendelea kumenya kitunguu, machozi yanamtoka ya kitunguu na labda ya kitu kingine. "Wewe na Hajji mna saini. Mbona kila siku saa moja mko hapa, mnamngoja mtu asiye nayo awape chakula?"

Madereva wawili waliokuwa kwenye benchi la pili walicheka kwa sauti. Mama hakucheka, lakini alikigeuza kijiko mkononi mara mbili tatu kama anayekitazama upya. Mimi sikuwa na la kusema. Katika hesabu zangu zote za nani ana saini na nani hana, sikuwahi kumweka mama upande wowote, ingawa kompresa ikishauzwa ni chapati ndizo zilizolipa mihula minne ya mwisho.

Nilichofanya ni kile ambacho mimi sikufanyiwa. Nikamwambia kabla hajajaza fomu yoyote, twende tukaone kwa macho. Ijumaa hii hakuna makontena mengi, nimeomba ruhusa kwa Hajji. Tutapanda teksi ya alfajiri, Bugiri, Iganga, tufike Jinja mapema, tuingie mpaka jikoni tukiruhusiwa, tuwaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanafanya nini siku ya Jumatatu na waliomaliza mwaka jana wako wapi. Tuwaulize na ada, maana kompresa iliyobaki ni ile ya kukohoa. Nimemwambia pia abebe vyeti vyake vyote na ile karatasi, pande zote mbili. Sijamwambia kwamba Kyambogo bado iko kichwani mwangu.

Jana usiku nilikuwa nafunga kibanda, mama akanishika mkono.

"Huko wanafundisha na chapati?"

Nikamwambia sijui, nadhani wanafundisha kila kitu.

"Basi waulizeni unga kilo moja wanatia mafuta kiasi gani."

"Ya nini, mama?"

"Wewe waulize tu."